Mafaili 19 ya saksafoni: uchambuzi wa kisa cha rekodi zilizoachwa bila kukamilika

Mpiga saksafoni ninayemweleza hapa alifia Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala ambako kambi ya jeshi na makazi ya Wanubi vimekifanya Kiswahili kisikike sokoni, barazani na majumbani. Jina lake silitaji, kwa sababu mirathi yake bado iko mahakamani na familia haijaniruhusu kulitaja. Kwa miaka mingi alipiga saksafoni ya tena katika bendi za hoteli za Kampala na Entebbe, akiwasindikiza waimbaji na kujaza saa za chakula cha jioni, na hakuwahi kutoa hata albamu moja kwa jina lake mwenyewe. Alipofariki aliacha laptopu, kiunganishi kidogo cha sauti, maikrofoni moja na diski ya nje yenye mafaili 19 ambamo husikika saksafoni peke yake. Mimi ni fundi wa sauti. Nilimrekodi mara kadhaa akiwa na bendi, na ndiyo maana baada ya hitima ya arobaini familia iliniita nisikilize kilichomo, niseme kama kinafaa kutolewa, na kama kinafaa, kitolewe kwa namna gani.

Kikaoni kila mtu alikuja na lake. Mwana wa kiume wa marehemu, ambaye ni mpiga kinanda, alikwisha kuzungumza na promota mmoja, na mpango wao ulikuwa kuongeza drami, gitaa la besi na kinanda, kisha kuitoa kazi hiyo kama albamu ya bendi. "Fundi, watu wakisikia saksafoni tupu watasema haijaisha," aliniambia. Mama yake, ambaye sote tunamwita Hajati, aliona vingine: "Mwanangu, mimi nilikuwa chumba cha pili kila alipopiga. Nilichokisikia kilikuwa yeye peke yake." Kaka wa marehemu, baba mkubwa wa watoto, alitaka kwanza kujua fedha zitagawanywaje. Mabinti wawili walikaa kimya, na nilipowauliza, mmoja alisema kwamba bado hawezi kuisikia saksafoni hiyo bila kulia na akaomba asilazimishwe.

Hofu ya kijana naielewa. Masikio ya Uganda yameizoea saksafoni ndani ya bendi: Afrigo Band, iliyoanzishwa mwaka 1975, imemweka Moses Matovu na saksafoni yake katikati ya nyimbo za kuchezwa, na Isaiah Katumwa alijijengea jina la jazi akiwa mbele ya bendi kamili. Saksafoni iliyo peke yake kwa dakika nane, bila mtu wa kushika mapigo, ni jambo ambalo msikilizaji wetu hajalizoea. Lakini hofu hiyo inahusu soko. Kuhusu alichokusudia marehemu haisemi neno, na hayo mawili yalikuwa yamechanganywa tangu mwanzo wa kikao.

Nilianza na swali la baba mkubwa, kwa kuwa lina majibu yaliyoandikwa. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inailinda kazi mara tu inapowekwa katika hali inayoweza kusikika au kusomwa tena. Kuiandikisha katika ofisi ya usajili, URSB, kunasaidia kuwa ushahidi tu, wala hakuizai haki hiyo. Haki za kiuchumi za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kuwa marehemu alibuni muziki mwenyewe, akaupiga mwenyewe na akaurekodi mwenyewe kwa vifaa vyake, haki ya mtunzi, ya mpigaji na ya mtayarishaji wa rekodi zote ziliingia katika mirathi moja, jambo ambalo ni nadra, kwa maana kwa kawaida studio au kampuni huwa na sehemu yake. Ipo pia haki nyingine ambayo watu wengi kikaoni hawakuwahi kuisikia: haki ya mtunzi ya kutajwa kuwa mwenye kazi na ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna itakayomvunjia heshima. Hiyo haina ukomo wa miaka, na baada ya kifo warithi ndio wanaoweza kuidai. Kwa hiyo watu wale wale waliokuwa wakijadili kuongeza drami ndio waliokabidhiwa na sheria jukumu la kulinda kazi hiyo isiharibiwe.

Kuhusu mgawanyo, nilisema ninachokijua na nikaacha mengine kwa wenye elimu yake. Sheria ya Mirathi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inampa mwenzi wa ndoa asilimia 20 ya mali ya aliyekufa bila wosia, watoto asilimia 75, wategemezi asilimia 4 na mrithi wa kimila asilimia 1. Mirathi ya Kiislamu inampa mjane mwenye watoto thumni, yaani sehemu moja ya nane, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Tofauti hiyo huonekana ndogo pale ambapo fedha zinagawanywa siku moja na kumalizika. Mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya kazi, inadondoka kidogo kidogo kwa nusu karne, na familia isiyokubaliana kabla ya shilingi ya kwanza itagombana kila mwaka. Niliwasihi wasisaini chochote na promota mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi, kwa sababu kabla ya hapo hakuna hata mmoja wao mwenye mamlaka ya kutia saini kwa niaba ya marehemu. Mkataba wa promota, niliousoma mara mbili, ulitaka rekodi zote ziwe mali yake moja kwa moja na kwa nchi zote. Hilo halikuhitaji mjadala mrefu. Rekodi ikodishwe kwa miaka maalumu kisha irudi nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza. Kabla ya kufungua chochote nilitengeneza nakala mbili za diski, nikaifunga diski yenyewe katika bahasha mbele ya Hajati, na nikahesabu alama ya utambulisho ya kila faili, namba inayobadilika faili likiguswa, ili baadaye mtu yeyote aweze kuthibitisha kwamba hakuna kilichoguswa. Sikufanya hivyo kwa kumshuku mtu. Programu za kurekodia huandika upya tarehe na mipangilio pale mtu anapofungua kazi na kuihifadhi, na katika kisa kama hiki tarehe na mipangilio ndiyo kauli pekee ya marehemu iliyobaki. Hakuacha daftari wala ujumbe wa simu unaoeleza alichokuwa akikitengeneza.

Katika siku tatu za kusikiliza nilitambua kwamba neno "hazijakamilika," ambalo sote tulilitumia kikaoni, lilikuwa limefunika vitu vitatu tofauti.

Mafaili 3 yalikuwa mazoezi: sauti ndefu za kupasha mdomo joto, ngazi za sauti zinazopandwa na kushukwa, mwanzi mpya unaojaribiwa, kikohozi, kuanza upya. Hayo hayakunichelewesha. Mtu anayefunga mlango na kufanya mazoezi hajaandaa kitu cha kusikilizwa na wengine, na kuyauza mazoezi yake kwa sababu tu ameshakufa ni kumvua nguo.

Mafaili 11 yalikuwa na kliki. Marehemu alivaa hedfoni alipokuwa akirekodi, na mlio wa kipimo cha mapigo ulivuja kutoka masikioni ukaingia katika maikrofoni, kwa hiyo katika kila kituo cha pumzi unasikika kwa mbali, tiki, tiki, tiki. Nilipofungua mipangilio nilikuta kwamba katika kila moja ya kazi hizo kasi ya mapigo ilikuwa imewekwa kwa makusudi, nyingine 92 kwa dakika, nyingine 108. Katika faili mojawapo anahesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu, nne," anapiga wimbo mara mbili, kisha ananyamaza kwa hatua 32 kamili (kila hatua ni mzunguko mmoja wa hesabu hiyo) huku kliki ikiendelea, halafu anarudi kama mtu aliyekuwa akimsubiri mwenzake amalize. Hakuna anayeacha hatua 32 tupu kwa bahati mbaya. Pale palikuwa na nafasi ya mtu mwingine kupiga, na huenda mtu huyo alikuwa mwanawe wa kinanda. Kwa mafaili hayo 11, kijana alikuwa na haki: baba yake alitaka bendi.

Mafaili 5 yaliyobaki hayakuwa na kliki kabisa. Programu aliyoitumia, kama nyingi za aina yake, huanza na mapigo 120 kwa dakika mpaka mtu ayabadilishe, na katika kazi hizo tano namba ilibaki 120 ilhali alichokipiga hakikuwa na uhusiano wowote na 120. Anaharakisha, anangoja, anaacha sauti ife ndani ya chumba, anairudia kwa oktava ya chini. Mistari hiyo hubeba besi yake yenyewe: anagusa sauti ya chini kabisa ya saksafoni, anaruka juu kuujibu mguso huo, na sikio linasikia watu wawili. Hapa hapakuwa na nafasi iliyoachwa kwa mwingine, na mpiga drami, hata awe hodari kiasi gani, angelazimika kuyakata mapigo hayo na kuyabandika upya ili yakae katika mstari. Huo ungekuwa wimbo mwingine uliojengwa kwa vipande vya maiti. Natumia maneno makali kwa sababu niliombwa kuifanya kazi hiyo na nikaikataa.

Hata hivyo mafaili hayo 5 nayo hayakuwa yamekamilika. Moja linakatika ghafla: umeme ulizimika, betri ya laptopu ilikwisha kufa zamani, na mashine ikalala na sekunde za mwisho za wimbo. Matatu ni wimbo mmoja uliopigwa siku tatu tofauti, wenye mwanzo ule ule na miisho mitatu isiyofanana, maana yake alikuwa bado anautafuta mwisho wake. Na moja, ambalo mimi ninaliona bora kuliko yote, linaisha kwa sababu ya adhana. Faili lenyewe limeandikwa saa moja kasoro jioni. Kwa kuwa tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, magharibi yetu hayahami sana kutoka mwezi hadi mwezi, na adhana hiyo ikanithibitishia kwamba saa ya laptopu ilikuwa sahihi na kwamba tarehe za mafaili mengine zinaweza kuaminiwa. Hiyo ndiyo iliyoniwezesha kuipanga miisho mitatu kwa mfuatano wake.

Familia ilitaka kujua wengine walifanya nini katika hali kama hii, nami nikawachezea mifano minne. Miwili ya kwanza inatoka nyumba moja. John Coltrane alifariki tarehe 17 Julai 1967, akiwa na miaka 40, na kuacha rekodi nyingi ambazo hazikuwa zimetolewa. Mjane wake, Alice Coltrane, alichukua rekodi za mwaka 1965 na 1966, akaongeza vyombo vya nyuzi na sauti nyingine mpya, akamleta Charlie Haden apige besi, na mwaka 1972 ikatoka albamu ya Infinity. Wapenzi wengi wa Coltrane walikasirika, na hasira hiyo haijaisha hadi leo. Mimi sikubaliani na kazi hiyo, lakini ni lazima niwe mwadilifu: Alice alikuwa mpiga piano wa bendi ya mwisho ya mumewe na alikuwapo ndani ya studio katika rekodi za mwaka 1966, kwa hiyo alizungumza kama mshiriki wa muziki wenyewe. Promota wetu hakuwahi kupiga noti moja na marehemu.

Mwaka 1974 kutoka hazina ile ile ikatolewa Interstellar Space, iliyorekodiwa tarehe 22 Februari 1967 katika studio ya Rudy Van Gelder, New Jersey. Ndani yake mna saksafoni na kengele ndogo za Coltrane na drami za Rashied Ali tu. Mtu aliyezoea kikundi cha watu wanne au watano angeweza kudai kwamba rekodi hiyo inasubiri besi na piano. Hakuna aliyeziongeza, na leo wapiga saksafoni wanajifunza kutoka kwayo kwa sababu kila pumzi iko wazi. Nilimchezea kijana Infinity kwanza, kisha Interstellar Space, bila kumweleza kitu. Aliomba ya pili irudiwe.

Mfano wa tatu unakaribiana sana na wetu. Esbjörn Svensson, mpiga piano wa Sweden, alikufa majini akipiga mbizi tarehe 14 Juni 2008, akiwa na miaka 44. Wiki chache kabla ya hapo alijirekodi nyumbani kwake akipiga piano peke yake, bila bendi iliyompa jina. Mkewe, Eva, alikaa na diski kwa karibu miaka kumi kabla ya kuzisikiliza rekodi hizo akiwa na Åke Linton, fundi wa sauti aliyefanya kazi na bendi hiyo kwa muda mrefu, na albamu ikatoka Novemba 2022 kwa jina la HOME.S. Nyimbo hazikuwa na majina. Walizipa herufi za Kigiriki, Alpha, Beta na kuendelea, wakaepuka kumwekea marehemu mdomoni maneno ambayo hakuyasema. Na kutoka bara letu, Bheki Mseleku wa Durban alirekodi piano peke yake jijini London mwaka 2003, akafariki huko mwaka 2008, na rekodi hiyo ikawafikia wasikilizaji mwaka 2021 kwa jina la Beyond the Stars. Binti aliyeomba asilazimishwe kusikiliza aliyashika zaidi maneno ya Eva na miaka yake kumi, na akauliza kwa nini sisi tuna haraka. Jibu la kweli ni kwamba mwenye haraka alikuwa promota peke yake.

Pendekezo langu la maandishi lilikuwa kwamba mafaili 5 yasiyo na kliki yanaweza kutolewa jinsi yalivyo, kwa wakati ambao familia itaridhia. Mafaili 11 yasitolewe kama kazi ya saksafoni peke yake, kwa sababu kufanya hivyo nako ni uongo, ni kumwonyesha mtu akiwa mpweke pale alipokuwa akisubiri wenzake. Na mafaili 3 ya mazoezi yabaki nyumbani. Kijana alidhani nitamnyima yote. Nilimwambia kwamba hatua zile 32 tupu ni zake kama atazitaka, ila kazi hiyo itoke baadaye, kando na hii, na jalada liseme waziwazi kwamba kinanda kilipigwa na mwana baada ya kifo cha baba. Msikilizaji akijua nani alipiga nini na lini, hatakuwa amedanganywa.

Kuhusu usafishaji, niliruhusu machache. Mngurumo wa jenereta ya jirani ulio chini ya sauti zote unaweza kupunguzwa, kwa kuwa hata yeye angeniomba niupunguze. Mvua juu ya mabati ibaki, kwa sababu katika faili moja anaisikiliza na kuijibu. Pumzi zibaki, na mibofyo ya vibonye ibaki. Faili lililokatwa na umeme liishie pale lilipokatika, bila kuzimishwa taratibu kwa ufundi wa studio, kwa kuwa kuzimisha taratibu kunamwambia msikilizaji kwamba mpigaji aliamua kuondoka. Majina ya nyimbo yawe tarehe tu.

Tulibishana kwa muda mrefu zaidi juu ya ile miisho mitatu. Hajati aliupenda wa pili, na kwa hakika ndio mtamu zaidi. Kijana aliutaka wa tatu, akisema kwamba wa mwisho kwa tarehe ndio uamuzi. Mimi nilishikilia kwamba yote mitatu iwekwe kwa mfuatano, hata kama mnunuzi atalalamika kwamba wimbo unarudiwa, kwa kuwa anayechagua mwisho mmoja ndiye anayeumaliza wimbo, na hakuna kati yetu aliyepewa kazi hiyo. Hajati alifikiri kwa siku mbili kisha akanipigia simu. "Weka yote, mwanangu. Na mimi nilimsikia akiurudia."

Juu ya adhana nilishindwa, na sidhani kwamba nilipaswa kushinda. Kwa macho ya fundi, faili lilipaswa kubaki zima: sauti ya mwisho ya saksafoni bado inalia wakati mwadhini anapoanza, halafu chombo kinawekwa chini, kiti kinasogezwa, mlango unafunguliwa. Baba mkubwa alisema kwamba adhana haiwezi kuuzwa ndani ya albamu ya muziki, ikapigwa katika baa na katika matatu, na Hajati akakubaliana naye bila kusita. Faili litakatwa pale sauti ya mwisho inapoanza kufifia, kabla ya mwadhini, na maelezo ya jalada yatataja kwamba limekatwa, mahali lilipokatwa, na sababu yake. Faili zima limo katika nakala inayoandaliwa ili familia iombe ihifadhiwe Chuo Kikuu cha Makerere, katika hifadhi ya sauti na picha yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyerekodi muziki wa Uganda tangu miaka ya 1940, pamoja na alama za utambulisho za mafaili yote 19.

Ninapoandika haya, ombi la hati ya usimamizi wa mirathi limeshapelekwa mahakamani kwa majina mawili, la Hajati na la binti mkubwa, na familia imekubaliana kwa maandishi jinsi mirabaha itakavyogawanywa. Promota ameambiwa asubiri, naye amejitoa. Kijana alichukua nakala ya mafaili 11, na wiki iliyopita alinitumia sauti ya kinanda aliyoirekodi katika zile hatua 32. Ameingia mapema kwa hatua moja, na amesema atairudia.